Sura ya Mzee Angwenyi

Mtu akifa Gesima, familia hupiga simu tatu kabla hata ya kukubaliana siku ya mazishi. Ya kwanza huenda kwa mchungaji, ya pili kwa mwenye hema na viti, na ya tatu kwa Kemuma.

Kemuma, ambaye kanisani ameandikwa Bathsheba Kemuma, ni mke wa Manasseh, yule bwana mrefu anayelisha kuni boila ya kiwanda cha chai upande wa Itumbe. Miaka ya nyuma alikuwa fundi wa mabango. Kinyozi, mashine ya kusagia mahindi, kliniki ya mifugo, shule iliyotaka ramani ya Afrika kwenye ukuta wa darasa, wote hao aliwachorea. Kisha babake Manasseh akafariki, na picha pekee ya mzee iliyokuwapo ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha na nyeusi upande mmoja. Kemuma akachukua kipande cha plaiwudi akamchora. Siku ya mazishi ubao ule ulisimamishwa kando ya jeneza, na watu waliokuja kutoka mbali walisimama mbele yake wakanyamaza. Tangu siku hiyo hakuomba tena kazi ya mabango.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Hakuianza picha kabla ya kukaa na wenye msiba. Aliketi sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, akanywa chai, akauliza mambo ambayo hakuna mtu mwingine angeyauliza. Alikuwa akishikaje mdomo alipokaribia kucheka? Kofia aliivalia mbele au nyuma? Kati ya ndugu hawa waliokaa hapa, nani amerithi paji lake? Huku wakimjibu, penseli yake ilikuwa inatembea. Mzee Angwenyi alipokufa, mjane wake Mong'ina alimweleza kwamba jicho la kushoto la mumewe lilikuwa dogo kuliko la kulia, kwa sababu tawi la mchai lilimchoma akiwa kijana. Picha ya kitambulisho haikuonyesha hivyo. Kemuma alilichora jicho lile kama alivyoambiwa, na Mong'ina alipoletewa ubao aliugusa kwa kidole mahali pale, akasema, "Hata jicho hukuliacha," kisha akaingia chumbani na hakutoka kwa muda.

Basi hiyo ndiyo kazi ambayo watu walimpenda kwayo. Nayo haikumtosha.

Hakumwambia mtu, ila Manasseh alijua. Tangu akiwa msichana wa shule Kemuma alitaka picha zake zitundikwe mahali ambapo watu huenda kwa ajili ya kutazama picha tu, si kwa sababu kuna mtu wa kuzikwa. Aliingia kwenye kundi la wasanii la WhatsApp, na kila wiki matangazo yalimiminika humo: maonyesho Nairobi, ufadhili wa miezi sita, makao ya wasanii ng'ambo ambako mtu hulishwa na kupewa chumba ili achore. Aliyasoma yote akisubiri ugali uive. Aliomba mengi. Moja lilitaka wasanii walio chini ya miaka thelathini na mitano, naye alikuwa na arobaini na mmoja. Jingine lilitaka barua kutoka kwa mwalimu wa chuo cha sanaa, naye alifundishwa na fundi wa mabango wa Kisii mjini ambaye hakuwahi kuandika barua maishani. Fedha za wasanii za serikali zilitaka kikundi chenye watu kumi na cheti cha usajili. Akawatafuta wachongaji wawili wa mawe, mshona mapazia, na mpiga gitaa wa Marani, na hapo watu wakamwishia.

Fomu iliyomuudhi kuliko zote ilimtaka aorodheshe maonyesho matano aliyowahi kushiriki. Alikaa na simu mkononi akifikiri. Mazishi ya Angwenyi peke yake yalikuwa na watu zaidi ya mia sita, na kila mmoja alipita mbele ya ubao. Akaandika, "Mazishi, Gesima." Akaifuta. Fomu haikukubali kutumwa ikiwa na nafasi tupu, basi akaizima simu.

Ndipo lilipokuja tangazo la jumba moja la sanaa Nairobi. Walitaka kazi zinazohusu kumbukumbu. Hawakutaja umri wala chuo wala cheti. Walitaka picha nane tu, zipigwe kwa simu na kutumwa.

Kazi zake nzuri hazikuwa nyumbani kwake, zilikuwa kwenye kuta za watu. Akatoka nyumba hadi nyumba, akapanda na kushuka vilima vya majani chai kwa siku nne, akaomba ruhusa ya kupiga picha mbao zake. Aliwaambia anataka kuonyesha kazi yake kwa watu fulani wa Nairobi. Wote walikubali, na wengine walipangusa vumbi kwanza. Mong'ina alikubali pia, lakini alisimama karibu na ukuta mkono ukiwa kiunoni.

"Piga," alisema. "Mradi asiondoke hapa."

Baada ya mwezi simu iliita. Aliyezungumza alijitambulisha kwa jina la Natasha, msimamizi wa maonyesho. Alisema ameziona picha na hajalala vizuri tangu azione. Alizitaka zote nane, na gharama ya kuzisafirisha ingelipwa na jumba. Kemuma alikuwa shambani na kikapu cha majani mgongoni. Alikaa chini palepale kati ya michai, akajibu ndiyo, ndiyo, asante, na aliposimama tena hakukumbuka alikuwa amefika mstari gani.

Shida ilikuwa ya mbao zenyewe. Alirudi kwenye nyumba zile nane kuomba aazimwe kwa miezi miwili. Nyumba ya kwanza walisema wataulizana na ndugu walioko mjini. Ya pili walimwambia kwa upole kwamba picha ikitoka, watoto watauliza babu amekwenda wapi. Ya tatu ndugu wawili walianza kubishana mbele yake juu ya nani mwenye picha, akaondoka kabla chai haijaletwa. Kwa Mong'ina alifika jioni, amechoka.

"Mokamwana," Mong'ina alimwita, kama mama mkwe anavyomwita mke wa mwanawe, maana ndivyo wazee wa kijiji walivyomwita. "Baba yenu aliondoka nyumba hii mara moja. Hataondoka mara ya pili."

Kemuma alikunywa maziwa yaliyoganda aliyopewa, akashukuru, akaenda zake.

Alibaki na wiki tano kabla ya maonyesho. Katika chumba cha mabati nyuma ya jiko alikuwa na zile picha za simu, na alikuwa na madaftari yake yote ya penseli, kila uso na kila jibu alilopewa kwenye misiba. Akanunua kanvasi badala ya plaiwudi, akaanza kuwachora wote nane upya. Manasseh alipotoka kazini siku ya pili alikuta mzee Angwenyi amefika mabegani. Alivua koti, akamtazama marehemu, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Nyamoita, umewaambia wenyewe?"

"Mkono ni wangu," alisema Kemuma. "Nilichokiona nilikiona mimi."

Manasseh alilitundika koti lake ukutani. Alichota maji akaenda kuoga. Kemuma alingojea alete ubishi baada ya chakula, maana jibu lilikuwa tayari mdomoni, lakini ubishi haukuja, na jibu likabaki naye.

Cha ajabu ni kwamba picha hizi za pili zilikuwa bora kuliko za kwanza. Kwa zile mbao alikuwa na siku tatu au nne tu, jeneza likisubiri. Safari hii alikuwa na muda, na alikuwa amewachora mara moja tayari. Aliwajua. Angwenyi alitoka kwenye kitambaa kana kwamba ameitwa kutoka chumba cha pili na amekuja kuona nani anamwita. Kemuma alipomaliza lile jicho dogo aliweka brashi kwenye mafuta ya taa na kukaa akimwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani alijiambia kwa sauti kwamba yeye ni mchoraji.

Mkataba ulikuja kwenye simu, kurasa kumi na moja za maandishi madogo. Mahali fulani katikati palisema kazi zote zinauzwa isipokuwa zile ambazo msanii ataziwekea alama. Akampigia Natasha kuuliza. Natasha alieleza kwamba wafadhili wa maonyesho hupenda kuona kazi zikinunuliwa, ndipo hutoa fedha za mwaka ujao, lakini akitaka kuzuia moja au mbili hakuna ubaya. Kemuma alizitazama zile nafasi nane za alama. Alijiuliza nani, Nairobi yote, atanunua uso wa marehemu asiyemjua auweke nyumbani kwake. Akaziacha tupu, akatia sahihi kwa kidole.

Hakulala Nairobi zaidi ya siku mbili. Ukumbi ulikuwa mweupe, na picha zilikaa mbali mbali, kila moja na taa yake. Watu walizitazama kimya, kama watu wa mazishini, na hilo lilimfurahisha na kumtisha. Chini ya kila picha palikuwa na karatasi ndogo. Ya Angwenyi ilisema, "Mzee wa Gesima, rangi ya mafuta." Alitaka kumwambia Natasha kwamba mzee ana jina, lakini Natasha alikuwa amemshika mkono akimtambulisha kwa mtu wa gazeti, kisha kwa mwingine, na nafasi haikupatikana. Siku ya tatu akiwa amesharudi nyumbani, aliandikiwa kwamba picha tano zimenunuliwa. Ya kwanza ilikuwa ya Angwenyi.

Fedha zilipofika zilikwenda moja kwa moja kwenye chuo cha uuguzi alikosoma binti yao Nyamoita, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Manasseh alimsindikiza binti hadi stendi akiwa amebeba sanduku begani, na aliporudi alimwambia mkewe ahsante. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na amani.

Mwezi Agosti kijana mmoja wa ukoo wa Angwenyi alialikwa arusi Naivasha. Karamu iliandaliwa katika hoteli kubwa kando ya ziwa. Alipokuwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, aliinua macho akamwona babu yake ukutani, juu ya meza ya nyama choma na saladi. Alipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia. Kabla watu wa arusi hawajamaliza kula, ukoo mzima ulikuwa umeiona, na kabla ya jioni ilikuwa imefika kwa nyumba zile nyingine saba, ambazo nazo zilianza kujiuliza wao watu wao wako wapi.

Kemuma aliitwa kwa Mong'ina Jumapili. Alikuta watu wazima sita wameketi, na hakuna aliyemletea chai. Kwa desturi ya mahali pale, kukosa kuletewa chai kulimweleza yote kabla mtu hajafungua mdomo. Ndugu wa marehemu walizungumza kwa zamu, wakamuuliza aliuza kwa nani, kwa ruhusa ya nani, na kama amewauza na wengine. Alijibu kila swali. Alisema ubao wao uko palepale ukutani, hajaugusa, na alichokiuza ni picha nyingine aliyoichora yeye. Alipokuwa akisema hivyo alisikia sauti yake mwenyewe, na jibu lile alilomwandalia Manasseh halikuwa na nguvu hata kidogo.

Mwishoni Mong'ina aliinua mkono. Alipozungumza, wengine waliacha.

"Watu wanamtazama wakila?"

"Ndiyo, mama."

"Wanajua jina lake?"

Kemuma akasema hawajui. Akasema kwenye karatasi paliandikwa Mzee wa Gesima.

"Miaka sabini na nane alikuwa na jina," alisema Mong'ina. "Mimi nilikuambia habari ya jicho lake kwa sababu ya msiba. Sikukupa wewe. Nenda ukamrudishe."

Kemuma alikwenda nyumbani akampigia Natasha. Alimweleza kila kitu bila kujitetea. Natasha alisikitika kweli, akaahidi kumwandikia mnunuzi, na alifanya hivyo. Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Mwenye hoteli alisema wageni wanaipenda sana picha ile na hana mpango wa kuitoa, ila angefurahi kulijua jina la mzee, naye angelichonga kwenye bamba la shaba na kulibandika chini yake. Kemuma alidhani hiyo ni njia. Alipanda hadi kwa Mong'ina na habari hiyo, na mjane akamsikiliza mlangoni.

"Waandike jina ili kila anayekula ajue ni mume wa nani aliyeuzwa?" alisema. "Hapana. Wakae naye hivyo hivyo, hawamjui." Akarudi ndani.

Kuinunua tena hakungewezekana. Kilicholipwa kilikuwa kimekwisha kuwa vitabu na sare za wauguzi, na hata kama kingekuwapo, mwenye hoteli hakuwa akiuza.

Msimu ule watu watatu walifariki Gesima. Simu ya tatu haikupigwa. Familia moja ilipeleka picha ya kitambulisho Kisii mjini ikakuzwa kwa mashine, na ingawa uso ulitoka wenye ukungu kama mtu aliye nyuma ya pazia, waliiweka kando ya jeneza, na Kemuma aliketi hema la nyuma akiitazama. Kanisani hakuna aliyemsema vibaya. Walimsalimu, ila waliacha kumuuliza anachora nini.

Natasha naye hakuacha kupiga simu. Maonyesho yalikuwa yamependwa. Kulikuwa na mfadhili aliyekuwa tayari kumpa Kemuma mwaka mzima wa kuchora, chumba cha kazi Nairobi, na ukumbi mzima kwa jina lake peke yake. Walitaka nyuso ishirini za namna ile ile. Kemuma alisoma barua ile mara nyingi, akiwa jikoni, akiwa shambani, mara moja akiwa katikati ya maombi. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba kwenye fomu zote zile. Akajibu kwamba anakubali, na kwamba ataleta nyuso ishirini za watu walio hai, kila mmoja ameketi mbele yake na kutia sahihi. Natasha alikwenda akauliza. Alirudi na sauti ya chini akasema mfadhili anaipenda kazi kwa sababu ni ya marehemu, hicho ndicho kinachomfanya Kemuma awe Kemuma. Hawa walio hai huchorwa na kila mtu.

"Fikiria kidogo, Bathsheba," alisema. "Nafasi kama hii siwezi kuishikilia baada ya mwezi wa pili."

Madaftari yalikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nyuso zilikuwa humo, zaidi ya ishirini. Alilivuta sanduku nje mara mbili, na mara zote mbili alilirudisha bila kulifungua. Mwezi wa pili ulipita, na Kemuma hakuwa ameandika ndiyo wala hapana.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu kutoka Marani, mbali na kwao. Mwanamke mmoja jina lake Nyakerario alikuwa amefiwa na dada yake, na alipewa namba na mpiga gitaa yule wa kikundi kisichotimia. Alisema tu kwamba amesikia kuna mama anayechora wafu kama walivyokuwa. Kemuma akaenda. Walimpokea vizuri, wakamketisha, wakamletea chai, wakamwekea picha ya marehemu mezani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye pengo kati ya meno. Penseli ilikuwa mfukoni. Angeweza kuanza.

Badala yake aliweka kikombe chini akawasimulia. Aliwaeleza habari za Nairobi, za karatasi iliyosema Mzee wa Gesima, na za meza ya chakula. Hakuficha kwamba nafasi ya alama aliiacha tupu mwenyewe. Alipomaliza, wenye nyumba walitazamana, kisha wakatoka nje kuzungumza. Alibaki peke yake na picha ya marehemu, akisikia sauti zao nyuma ya dirisha, zikipanda na kushuka, na hakutaka kusikiliza maneno.

Nyakerario alirudi peke yake.

"Utamchora," alisema. "Lakini utamchora hapa hapa. Simu yako nitakaa nayo mimi. Na daftari utakalotumia litabaki."

Alikubali. Kwa siku tatu alichora kwenye chumba kile kile cha kuketi, ubao ukiegemezwa kwenye kabati la vyombo, na kila wakati kulikuwa na mtu wa familia kwenye kiti karibu na mlango. Walipokezana. Mmoja alikuwa akimenya ndizi, mwingine akisoma Biblia, shemeji mmoja akisinzia na kuzinduka. Hawakuwa wakali. Walimpa chakula na kitanda. Lakini alipoinuka kwenda msalani, mwenye zamu naye aliinuka, akasimama kizingitini mpaka arudi.

Siku ya pili alimuuliza Nyakerario marehemu alikuwa akifanya nini na lile pengo alipocheka. Nyakerario alichelewa kujibu. Kisha akasema alikuwa akilifunika kwa ulimi, tangu utotoni, na mama yao alimgombeza kwa hilo hadi akachoka. Kemuma aliuchora ule ulimi, kitu kidogo tu chekundu kati ya meno, na uso wote ukafunguka.

Alijua alichokifanya. Alisimama nyuma akajua kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri namna ile, si Angwenyi wa plaiwudi, si Angwenyi wa kanvasi. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta simu, ukakuta mfuko mtupu. Mtu wa kitini aliona.

Ijumaa dada huyo alizikwa, na picha ikasimama kando yake. Watu wa Marani walipita mbele ya ubao mmoja mmoja. Baada ya mazishi Nyakerario alimrudishia Kemuma simu, akaufungua mkoba wa mgeni wake mbele ya wote, akapapasa ndani hadi chini, akaufunga tena na kumpa mikononi. Kisha akamshukuru, akamtafutia mtu wa pikipiki wa kumfikisha barabarani.